Taa za ukungu zimefifia: LED, balbu ya wati 100, au taa nzima mpya?

Swali: Gari langu lina taa za ukungu za kiwandani, zile za chini kwenye bampa, zinazotumia balbu za H11. Mwanga wake umefifia na kuwa mwekundu-mwekundu. Kwenye ukungu au mvua kubwa hauonyeshi kitu. Nimeona balbu za LED zilizoandikwa lumeni 20,000 (kiasi cha mwanga) na kelvini 6500 (rangi ya mwanga), na pia halojeni za wati 100 zenye kitako kilekile cha H11. Niweke ipi? Na je, ni lazima nifunge rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme?

Jibu: Kwa sasa usinunue hata moja. Taa ya ukungu inategemea umbo la mwanga kuliko ukali wake. Balbu ya kwanza uliyoitaja huliharibu umbo hilo, na ya pili huichoma taa yenyewe. Isitoshe, taa ya H11 inayotoa mwanga mwekundu-mwekundu mara nyingi haijafa. Inakosa volti, au imechafuka, au imeinamishwa vibaya. Kagua hayo kwanza, maana pengine tatizo litaisha kwa kipande cha waya na msasa.

Ili uelewe tunachokitafuta, egesha gari usiku kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, washa taa za ukungu na ufunike taa kubwa kwa kitambaa kwa dakika chache tu. Taa isiyo na kasoro huchora mstari mlalo ukutani. Juu ya mstari ni giza, chini yake ni mwanga mpana unaotambaa kushoto na kulia kuliko hata ule wa taa kubwa. Mstari huo ndio unaoulipia unaponunua taa ya ukungu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, na kila tone linalomulikwa mbele ya macho yako hukurudishia sehemu ya mwanga huo. Ndiyo maana ukipiga fulu ndani ya ukungu unajikuta mbele ya ukuta mweupe. Taa ya ukungu hufungwa chini na mwanga wake hukatwa kwa juu, ili upite chini ya usawa wa macho ukamulike lami, kingo za barabara na michoro yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa, zinazofuatwa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, zinataka taa hizi kwenye gari dogo ziwe kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini, tena zisizidi kimo cha taa za dimu.

Fanya hesabu ndogo. Taa iliyo sentimita 40 kutoka ardhini, ikiinama kwa asilimia 2, mstari wake wa juu hugusa lami mita 20 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unazimaliza mita hizo kwa takribani sekunde moja na nusu. Kwa hiyo taa hii haikupi ruhusa ya kukimbia. Inakuonyesha ukingo wa barabara ukiwa unatembea polepole. Balbu "inayoona mbali" kwenye taa ya ukungu imefanikiwa kwa kurusha mwanga juu ya mstari, mahali hasa ambapo hautakiwi.

LED ndani ya taa ya halojeni

Ndani ya balbu ya H11 kuna waya mwembamba uliosokotwa, wenye urefu wa milimita chache, uliowekwa mahali pake kwa kipimo kisichovumilia kosa. Reflekta iliyo nyuma yake, yaani bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele, imechongwa kwa kudhani kwamba mwanga unatoka kwenye waya huo na si kwingine. Balbu ya LED ya kuchomeka ina safu mbili bapa za chipu, zimegandishwa pande mbili za uti wa chuma. Mwanga hautoki katikati. Unatoka pembeni, sehemu mbili, na kati yake pana kivuli cha uti wenyewe. Ukiiwasha mbele ya ukuta utaona matokeo: mstari umekuwa ukungu-ukungu, mabaka yamepanda juu, na mara nyingi pana doa jeusi katikati. Zile zenye uti mwembamba sana hukaribia, lakini kukaribia si kulingana. Anayekuja mbele yako ndiye anayelipa gharama.

Hizo lumeni 20,000 nazo zipime kwa kalamu. H11 ya kawaida ya wati 55 hutoa lumeni 1,350 hivi. LED nyingi za aina hiyo, ukizipima kwa ammita, huvuta ampea 2 kwa volti 13.5, yaani wati 27. Hata tukiipa kila wati lumeni 100, ambayo ni ukarimu, tunapata 2,700, na hizo hupungua balbu ikishapata joto. Ili kufikisha 20,000 ingehitaji wati 200 hivi ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Kingejiyeyusha chenyewe kabla hujatoka getini.

Rangi ya 6500 ni nyeupe yenye ubluu, nayo huchosha na kutatiza macho kuliko nyeupe ya joto. Hapa utasikia watu wakisema njano "inatoboa ukungu". Haitoboi. Tone la ukungu ni kubwa mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga wa rangi yoyote, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Imani hiyo ina historia ndefu. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za njano kuanzia 1936 hadi 1993. Faida ya kweli ya njano ni kuondoa ubluu unaosumbua macho, na gharama yake ni kupoteza sehemu ya mwanga kwenye kichujio, kama asilimia 15. Chagua kati ya kelvini 3000 na 4300 kwa ladha yako. Ubluu uache, hata kwenye balbu za halojeni zilizopakwa rangi ya samawati: rangi hiyo inakula mwanga bila kukupa chochote.

Wati 100

Hapa jibu ni fupi. Wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8.3 kwa balbu, karibu 17 kwa mbili, ilhali saketi ya taa za ukungu mara nyingi ina fyuzi ya ampea 15 na waya uliopimwa kwa mzigo huo. Fyuzi itakatika. Atakayeibadili kwa ya ampea 30 "ili isikatike tena" amehamisha kazi ya fyuzi akaipa waya, na waya ukikatika huwaka. Kabla ya hapo soketi ya plastiki itakuwa imegeuka kahawia na kulegea, reflekta imebabuka, na kioo cha plastiki kimeyeyuka kitundu mbele ya balbu. Ukipita kwenye dimbwi taa ikiwa moto kiasi hicho, kioo cha kawaida nacho hupasuka.

Ukaguzi kabla ya kununua

Toa balbu kwanza na usome namba yake, halafu usome na iliyopigwa mhuri kwenye taa yenyewe. H8, H11 na H16 zina vitako vinavyofanana kama ndugu. Tofauti ni meno madogo ya kufungia. H8 ni wati 35 na lumeni 800 hivi, H16 ni wati 19 na lumeni 500 hivi. Wapo wanaokata meno kwa kisu ili H11 iingie kwenye taa ya H8, na taa ile huanza kuungua polepole. Kama taa yako imeandikwa H16, basi ufifi wake umetoka nao kiwandani, na dawa ni kubadili taa nzima.

Kwa magari mengi balbu hufikiwa kupitia ndani ya madigadi. Kata usukani ili tairi ligeuke na kukupa nafasi, ng'oa klipu tatu au nne za plastiki, kunja ile ngao ya ndani, na mkono unafika. Zima taa na usubiri ipoe. Bonyeza kishikio cha plagi, ichomoe, kisha zungusha balbu robo mzunguko kinyume cha saa. Usiguse kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kuliko sehemu nyingine, na kioo hupasuka au kuvimba hapo. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti kabla ya kuirudisha. Balbu ya zamani iliyotiwa weusi ndani ya kioo imeshachoka. Badilisha zote mbili kwa pamoja, zisitofautiane rangi.

Sasa pima volti, na hapa ndipo mafundi wengi huruka. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewaka, choma ncha za multimita (kipimo cha umeme) kwenye plagi ya balbu kutoka nyuma, bila kuichomoa. Plagi iliyochomolewa husoma volti kamili hata kama waya umeoza, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Linganisha na volti za betri kwa wakati huohuo. Tofauti ikiwa chini ya 0.5, waya ni mzima. Ikizidi hapo, unapoteza mwanga mwingi kuliko unavyofikiri, kwani mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka. Balbu iliyopangiwa volti 13.2 ikipewa 11.4, inabakiwa na asilimia 60 tu ya mwanga wake, na rangi yake inakuwa ile uliyoieleza: nyekundu-nyekundu, kama ya betri iliyokwisha.

Kutafuta volti zinapopotelea, gawa njia mara mbili. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya plagi, taa ikiwaka: namba unayoisoma ndiyo iliyopotea upande wa chanya. Fanya vivyo hivyo kwa hasi ya betri na hasi ya plagi. Mara nyingi kosa liko upande wa arthi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bati la gari. Bolti inayoshika arthi karibu na bampa hupigwa maji na tope miaka yote, hadi kutu inaingia kati ya kishikio na bati. Ifungue, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, kisha pakaa grisi juu yake. Nyuso mbili zinazogusana ziache kavu.

Mwisho tazama kioo na reflekta. Kioo cha plastiki kilichopauka husuguliwa kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu dawa ya kung'arisha, na juu yake vanishi inayozuia mionzi ya jua. Bila vanishi hiyo kitapauka tena baada ya miezi michache. Kioo halisi kilichopigwa changarawe hakisuguliki. Kila kovu hurusha mwanga juu. Reflekta iliyochubuka au kuwa ya kijivu imekufa, na usijaribu kuifuta, kwa sababu tabaka lake la alumini ni jembamba kiasi cha kutoka na kitambaa.

Ukiamua kubadili taa

Hili ndilo ningependelea kwa taa yenye reflekta iliyokufa, au kwa anayetaka LED kweli. Nunua taa nzima iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo, yenye lenzi na reflekta zake. Hapo chipu na kioo vimechongwa ili vilingane. Wati 10 hadi 15 kwa taa zinatosha kabisa. Tafuta alama kwenye kioo: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, na kando yake herufi B, au F3 kwa taa za kiwango kipya zaidi. Hizo humaanisha taa ya mbele ya ukungu. Taa ndogo za kazi, zile za mraba zenye vijicho vingi, hazina mstari wa kukata. Kuzifunga kwenye nafasi ya taa za ukungu ni kujipigia fulu mwenyewe. Kila nchi ina sheria zake kuhusu idadi, rangi na namna ya kuwasha, zisome kabla hujatoboa bampa.

Jambo moja la LED halisemwi dukani. Joto la halojeni hukausha unyevu ndani ya taa, LED haifanyi hivyo. Taa yenye mpira uliochakaa, iliyokuwa ikijikausha yenyewe, itaanza kuonyesha matone ndani ya kioo. Usiizibe kwa silikoni pande zote. Ina tundu dogo la kupumulia nyuma au chini, na ukiliziba maji yaliyomo hayatoki tena. Safisha tundu, badilisha mpira.

Kuhusu rilei: kama taa zako ni za kiwandani na unabaki na wati 55, rilei karibu kila mara ipo tayari kwenye boksi la fyuzi, na hakuna haja ya nyingine isipokuwa vipimo vya hapo juu vimeonyesha njia ya chanya inapoteza volti. Kwa taa za LED huihitaji, kwani mkondo wake ni mdogo kuliko wa zamani. Ni lazima pale tu unapofunga taa za halojeni kwenye gari lisilokuwa nazo, au unapotaka kuukwepa waya wa zamani uliochoka.

Ukiifunga, tumia rilei ya ampea 30 au 40 yenye miguu minne. Kutoka chanya ya betri waya wa milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 15 isiyozidi sentimita 30 kutoka betri. Fyuzi ikiwa mbali, kipande chote cha kabla yake hakina ulinzi, na hapo ndipo gari huwaka waya ukisuguliwa na bati. Waya huo unaingia mguu wa 30. Mguu wa 87 unatoka kwenda kwenye taa, milimita 1.5 za mraba kwa kila upande. Mguu wa 85 kwenye arthi. Mguu wa 86 unapokea amri kutoka swichi, waya wa 0.75 unatosha, kwa kuwa koili huvuta chini ya robo ampea. Amri hiyo ichukue kwenye waya wa taa za maegesho kupitia swichi yako, ili taa za ukungu zizime pamoja nazo na zisimalize betri usiku. Kwenye baadhi ya magari swichi hukata upande wa arthi badala ya chanya, kwa hiyo pima kabla hujadhani. Na kama kompyuta ya gari ndiyo inayowasha taa kwa kuupigapiga umeme haraka, rilei italia kama nyuki. Hapo tumia saketi ya kiwandani ilivyo.

Pitisha waya mbali na bomba la moshi na feni, uvike ala, na unapotoboa bati weka mpira kwenye tundu. Viungio vibane kwa koleo lake na uvifunike kwa mpira unaojikaza kwa joto. Utepe peke yake hufunguka maji yakiuzoea. Plagi itazame chini, na waya ushuke kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda kwake, ili maji yadondokee hapo.

Kuna kasoro chache utakazokutana nazo na LED. Isipowaka upande mmoja, zungusha plagi nusu mzunguko kabla ya kuilaumu. LED inajali chanya na hasi, halojeni haikujali. Dashibodi ikitoa onyo la balbu kuungua, gari limeona mkondo mdogo kuliko ulivyozoeleka. Wengi hufunga rezista ya omu 6, wati 50, sambamba na taa. Inafanya kazi, lakini kwa volti 14 inageuza wati 32 hivi kuwa joto, na inaweza kukuunguza kidole. Ifunge kwa bolti kwenye bati tupu, isiguse plastiki wala waya. Redio ikianza kukoroma taa zinapowashwa, kelele inatoka kwenye kiendeshi cha LED, yaani saketi ndogo inayoilisha umeme. Weka pete ya feraiti kwenye waya karibu na taa, na kama haitoshi, taa hiyo imetengenezwa ovyo.

Kazi ya mwisho ni kulenga, na ifanywe hata kama umebadili balbu tu. Tairi ziwe na upepo sahihi, dereva au uzito wake uwe kwenye kiti. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka sakafuni, weka alama ya utepe ukutani kwa kimo hichohicho, kisha rudisha gari hadi taa ziwe mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa juu wa mwanga ukae sentimita 10 chini ya utepe, pande zote mbili sawa. Skrubu ya kulengea mara nyingi ni moja tu kwa kila taa, chini au nyuma yake; izungushe nusu mzunguko kwa wakati, kwani huwa ya plastiki na ikikazwa kwa nguvu meno hukatika. Kama hakuna mstari wa kuupima, kuna mwanga tu uliotapakaa, angalia kwanza kama balbu imekaa sawasawa kwenye meno yake. Ikiwa imekaa na mstari bado hauonekani, irudishe halojeni.